Gofu kwenye udongo wa volkano: Kikapu cha mkulima kiko wapi?

Kwa Watanzania walio wengi, gofu bado ni mchezo wa wakubwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetoka Mtaa wa Msimbazi kwa miguu, akakata Mnazi Mmoja na kupita mitaa ya Uhindini, hufika kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Dar es Salaam kwa mwendo wa nusu saa hivi. Huko huona watu wachache wakitembea kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, mmoja amebeba mfuko wa fimbo, mwingine anapiga mpira mdogo mweupe. Hutazama kidogo, kisha hurudi kwenye biashara yake. Kwake yeye, uwanja ule na duka lake ni dunia mbili tofauti.

Dunia hizo mbili hazikutengana kwa bahati mbaya. Wakoloni waligawa jiji kwa mafungu: Wazungu upande wao wa baharini, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Viwanja vya wazi vilitumika kama mipaka. Mnazi Mmoja ndiyo iliyotenganisha Uhindini na Kariakoo. Sheria za ubaguzi zimekwisha siku nyingi, lakini fikra kwamba gofu haimhusu mkulima wala mchuuzi imebaki pale pale.

Fikra hiyo sasa ina hasara. Gofu imetoka kwenye klabu za mijini na kuhamia mashambani, tena kwenye ardhi bora kabisa ya Afrika Mashariki, yaani miteremko ya milima ya volkano. Huko haiwi tena starehe ya wachache jioni baada ya kazi. Imekuwa biashara inayotumia ardhi, maji na nguvukazi, na inayolisha wageni kila siku. Biashara inayotumia ardhi na maji ni jirani wa mkulima, apende asipende. Biashara inayolisha wageni ni soko. Swali ni nani analiuzia soko hilo.

Kinachouzwa ni mlima

Mfano wa karibu uko Usa River, wilayani Arumeru, kati ya mji wa Arusha na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Katika eneo la Dolly upo uwanja wa gofu wa Kili Golf wenye mashimo 18, uliosanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini. Upande mmoja upo Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na upande mwingine, mawingu yakiondoka, Kilimanjaro yenye mita 5,895.

Nchini Kenya upo uwanja mwingine wa namna hiyo, juu ya ukingo wa Eburru karibu na Naivasha. Eburru yenyewe ni volkano. Mchezaji akiwa huko juu hulitazama Ziwa Naivasha likiwa chini yake, na mlima Longonot wenye kasoko yake ng'ambo ya ziwa.

Kwa mtu asiyeujua mchezo huu, inafaa kueleza kwa nini mchezaji atoke mbali na kulipa fedha nyingi ili acheze mahali kama hapo wakati viwanja tambarare vimejaa duniani. Katika gofu mchezaji hupiga mpira kwa fimbo hadi uingie kwenye shimo dogo, kisha huendelea na shimo linalofuata mpaka yatimie 18. Anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Kwa hiyo uwanja wenyewe ndio mpinzani wake.

Ardhi ya volkano ni mpinzani mgumu. Ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulipobomoka maelfu ya miaka iliyopita, matope na mawe yaliporomoka na kutapakaa chini, yakaacha vilima vidogo vidogo, mabonde na makorongo. Mpira unaotua mahali pazuri unaweza kuserereka na kuangukia pabaya. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo mpira huruka mbali kuliko Dar es Salaam, na mchezaji aliyezoea kupima umbali pwani hujikuta ameupitiliza. Hata kwenye nyasi fupi zilizo karibu na shimo macho hudanganywa na mteremko: panapoonekana kama sawa kumbe panashuka kutoka upande wa mlima. Mchezaji mgeni anayedharau maneno ya kedi, yaani kijana wa pale anayembebea mfuko wa fimbo, hulipa dharau hiyo kwa mapigo ya ziada.

Ugumu huo pamoja na mandhari ndivyo vinavyomtoa mgeni kwao. Kwa maneno mengine, mwenye uwanja anauza mlima. Fimbo na mipira mtu anaweza kuvipata popote. Mlima Meru haupatikani popote, na mlima huo ni mali ya Watanzania wote. Kutokana na ukweli huu, wanaoishi na kulima chini ya mlima huo wana haki ya kuuliza wanapata nini pale mandhari yao inapouzwa.

Somo kutoka Hawaii

Wapo wanaosema kwamba viwanja vya gofu kwenye ardhi ya volkano vipo duniani kote, na hilo ni kweli. Kinachotofautiana ni aina ya ardhi iliyotumika. Kule Hawaii, Marekani, uwanja wa Mauna Kea ulifunguliwa mwaka 1964 juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hayakuwa na udongo. Msanifu wake, Robert Trent Jones, alilazimika kusaga mawe yale ili apate kitu cha kupandia nyasi. Hakuna mkulima aliyenyimwa shamba la mahindi kwa sababu mahindi yasingeota pale.

Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni kinyume chake. Volkano ya huku imelala kwa muda wa kutosha mawe na majivu yakageuka udongo mweusi wenye rutuba. Ndio udongo unaootesha kahawa, migomba, maharage, nyanya na kabichi. Vitunguu vya Mang'ola, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, na viazi vya Rungwe, mkoani Mbeya, navyo ni mazao ya ardhi za aina hiyo. Mkazi wa Dar es Salaam anayenunua ndizi au viazi mviringo Kariakoo, mara nyingi anakula matunda ya volkano bila kujua.

Uwanja kamili wa mashimo 18 kwa kawaida huhitaji ekari 120 hadi 180 za kuchezea tu, kabla ya kuhesabu nyumba, hoteli na barabara. Katika wilaya ambayo mashamba ya familia hugawanywa kwa watoto hadi kufikia ekari moja au pungufu, eneo hilo si dogo. Kweli, ardhi za viwanja hivi kwa kawaida hazikuchukuliwa jana kutoka kwa mkulima mdogo. Nyingi zilikuwa mashamba makubwa tangu ukoloni. Lakini historia hiyo haimpi mtu sababu ya kulala.

Wameru wanaikumbuka vizuri. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi papo hapo, ila dunia ilisikia, na kesi ile iliingia katika historia ya kupigania uhuru wa Tanganyika. Mwekezaji yeyote anayeingia Arumeru anapaswa kujua kwamba amefika kwa watu ambao ardhi kwao si kitu cha kupimwa kwa fedha tu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mgeni haimiliki isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Maana yake ni kwamba ardhi imetolewa kwa sharti la faida kwa taifa. Faida hiyo inatakiwa ionekane, na ionekane kwanza kwa jirani.

Maji kwanza, nyasi baadaye

Jambo linaloweza kuleta ugomvi haraka kuliko ardhi ni maji. Nyasi za gofu hukatwa karibu kila siku na kumwagiliwa wakati wa kiangazi. Uwanja mmoja wa mashimo 18 katika eneo kavu unaweza kutumia mamia ya maelfu ya lita kwa siku. Katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kiangazi ndicho wakati ambapo wakulima wa mifereji hugawana maji kwa zamu, hata usiku, na ambapo zamu ikirukwa majirani hukosana.

Mito ya Usa na Kikuletwa imo katika Bonde la Pangani. Maji hayo hayaishii Arumeru. Huteremka hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye umeme na uvuvi, na kuendelea hadi baharini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kila mtumiaji mkubwa awe na kibali, na inayapa matumizi ya nyumbani kipaumbele. Kibali peke yake ni karatasi. Kinachomlinda mkulima ni mita inayosomwa na matokeo yanayobandikwa mahali ambapo jumuiya ya watumia maji inaweza kuyaona.

Hapa volkano yenyewe inatoa nafasi ya suluhisho. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru, hasa upande wa Maji ya Chai, yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakizidi sana, hupinda mifupa. Maji ambayo binadamu hapaswi kunywa, pamoja na maji yaliyokwisha kutumika hotelini na kusafishwa, ndiyo yanayopasa kupimwa kwanza kwa ajili ya nyasi. Maji matamu ya chemchemi yabaki kwa watu, mifugo na bustani. Mwenye uwanja atakayefanya hivyo kwa uwazi hatahitaji kuweka walinzi wengi kwenye bomba lake.

Hesabu ya kikapu

Baada ya ardhi na maji, inabaki fedha. Watetezi wa gofu husema kwamba uwanja huleta ajira, nao wana hoja. Kukata nyasi, kutunza mabomba, kupika, kulinda na kubeba mifuko ni kazi zinazolisha familia. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania walianza kama makedi. Lakini idadi ya ajira za uwanja mmoja ina mwisho, na kijiji hakiwezi chote kubeba mifuko ya fimbo. Mlango mpana zaidi ni jikoni.

Mgeni anayecheza mashimo 18 hutembea kilomita sita au zaidi kwenye vilima. Akirudi ana njaa na kiu. Hula mayai, viazi, saladi, kuku, matunda na kunywa kahawa. Karibu vyote hivyo vinazalishwa ndani ya mwendo wa saa moja kutoka uwanjani. Bado si ajabu katika biashara ya utalii kukuta juisi ya pakiti kutoka nje mezani wakati maembe na mapasheni yanaoza kwa jirani. Kila shilingi inayolipia pakiti hiyo huondoka nchini kabla mgeni hajamaliza kifungua kinywa.

Mkulima wa nyanya wa Arumeru, kwa upande wake, anapeleka mzigo safari ya zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam. Njiani kuna nauli ya lori, na mzigo ukifika kuna ushuru, wapakuaji na dalali. Matenga ya chini yamekwisha pondeka. Katika mazao ya gunia kuna balaa la lumbesa, ambapo gunia linashonewa kilemba hadi kuzidi mno kilo 100 zinazoruhusiwa kisheria, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Dalali ndiye anayemwambia bei, naye mkulima hana njia ya kurudi na nyanya zake nyumbani.

Jiko la hoteli halina lumbesa. Linanunua kwa kilo, kwenye mzani, na linatoa risiti. Faida hiyo peke yake ingetosha kumfanya mkulima alikimbilie, lakini liko kikwazo ambacho wengi hawakioni mpaka kiwakwaze: hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30 au zaidi.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, ambayo si bei ya soko la leo. Tuseme dalali anatoa shilingi 600 kwa kilo ya nyanya, na hoteli inatoa 1,000. Mkulima anayepeleka kilo 200 kwa wiki atapata shilingi 200,000 hotelini badala ya 120,000. Nyongeza ni 80,000 kila wiki, na kwa mkulima mdogo hiyo ni fedha. Lakini kama hoteli inalipa baada ya wiki nne, mkulima huyo atakuwa ameikopesha hoteli shilingi 800,000 kabla hajaona hata senti. Wakati huo dawa ya ukungu inahitajika, kibarua anadai, na mtoto amerudishwa shule kwa ajili ya mchango. Wiki ya tatu anavunja ahadi na kumpigia simu dalali. Mpishi wa hoteli anakosa nyanya, naye anaapa kutonunua tena kwa wakulima wadogo. Kila upande unamwona mwenzake kuwa hafai, kumbe tatizo ni mtaji wa wiki nne.

Kariakoo inaingia wapi

Mtu anayejua kukaa na deni la wiki nne bila kuyumba ni mfanyabiashara. Kariakoo ni chuo cha kazi hiyo. Soko kuu lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, na Serikali ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jipya kando yake. Katika kipindi chote hicho mitaa ya Mkunguni, Nyamwezi, Swahili na Kongo iliendelea kuuza. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia namna kodi ilivyokuwa ikidaiwa, na Waziri Mkuu alilazimika kukutana nao Mnazi Mmoja. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu. Pamoja na misiba hiyo yote, mzigo unaingia na kutoka, na mengi hufanyika kwa kuaminiana: chukua leo, leta fedha mwisho wa mwezi.

Uzoefu huo ndio unaokosekana kati ya shamba na jiko la hoteli. Katika mfano wa hapo juu, tuseme yupo mfanyabiashara au chama cha akiba na mikopo kinachomlipa mkulima shilingi 850 kwa kilo papo hapo, kisha kinaidai hoteli 1,000. Mkulima amepata 250 zaidi ya bei ya dalali kwa kila kilo, yaani 50,000 kwa wiki, tena mkononi. Mfanyabiashara amepata 150 kwa kilo, yaani 30,000 kwa wiki, kwa mtaji wa kuzungusha usiozidi 680,000, ingawa ndani yake itabidi alipie usafiri na hasara ndogo ndogo. Hoteli imepata mtu mmoja wa kumpigia simu badala ya wakulima ishirini. Hakuna aliyedhulumiwa.

Kariakoo ina kazi ya pili ambayo wakulima hawapaswi kuisahau. Hoteli huchukua nyanya nzuri tu, zenye ukubwa unaolingana na zisizo na doa. Hakuna hoteli inayonunua shamba zima. Katika kila tenga kutabaki nyanya ndogo, zilizopinda au zilizoiva mno, na hizo zikikosa soko mkulima atapata hasara hata kama mpishi amemsifu. Mama ntilie wa Kariakoo hajali kama nyanya imepinda maadamu inatoa mchuzi. Kwa hiyo mkulima anayevunja uhusiano na soko la mjini kwa kuwa amepata hoteli anakata tawi alilokalia. Zile bora ziende hotelini, zinazofuata ziende Kariakoo, Ilala na masoko ya Arusha na Moshi. Masoko hayo yanategemeana.

Tena wafanyabiashara wa mjini wasidhani kwamba biashara ya gofu iko kaskazini tu. Klabu ya Gymkhana na uwanja wa Jeshi wa Lugalo ziko jijini, na mashindano huleta wachezaji na familia zao. Mwaka 2024 yalianza mashindano ya Lina PG Tour, yanayochezwa kwa kuzunguka viwanja vya mikoa mbalimbali, ukiwemo ule wa TPC Moshi ulio ndani ya mashamba ya miwa. Kila mzunguko unahitaji chakula, maji, fulana, kofia, mahema na usafiri. Vyote hivyo vinapatikana Kariakoo.

Hata nyasi zenyewe ni bidhaa. Ukoka ambao mkulima huung'oa kwa jembe na kuulaani ni wa jamii ile ile ya nyasi zinazotandazwa kwenye viwanja vya gofu katika nchi za joto. Vijana wanaouza miche ya maua na ukoka kando ya barabara za Dar es Salaam wameshaligundua hilo. Kikundi chenye robo ekari ya vitalu safi, visivyo na magugu, kinaweza kuuzia viwanja, hoteli, shule na wenye nyumba mpya.

Nini kifanyike

Kwanza, wakulima wanaozunguka viwanja hivi wasiende hotelini mmoja mmoja. Wachagga walilielewa hilo tangu mwaka 1933 walipounda KNCU ili kahawa yao iuzwe kwa sauti moja. Kikundi kiwe na mzani wake, daftari la nani amepeleka nini, ratiba ya kupanda kwa kupishana ili nyanya zisiishe wote wakiwa kwenye palizi, na utaratibu wa kusubiri siku zinazotakiwa baada ya kupulizia dawa. Chama cha TAHA chenye makao yake Arusha kimekuwa kikishughulika na kilimo cha mboga, matunda na maua tangu mwaka 2004, na wakulima watumie ushauri wa namna hiyo.

Pili, wafanyabiashara wadogo waache kusubiri zabuni kubwa. Waanze na bidhaa moja wanayoijua, watoe risiti halali na wafike saa waliyosema. Mpishi anaweza kusamehe bei iliyopanda kidogo. Hawezi kusamehe mayai yanayofika saa nne wakati wageni wamekula saa moja.

Tatu, halmashauri zielekeze sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwenye vikundi vyenye mkataba wa kuuza kwa wawekezaji wa utalii. Kikundi chenye mnunuzi anayejulikana ni salama zaidi kukikopesha kuliko kile kilichoundwa jana kwa ajili ya mkopo.

Nne, Serikali iangalie sekta ya madini. Kanuni za mwaka 2018 zinamtaka mwenye mgodi aoneshe ananunua nini kwa Watanzania. Mwekezaji wa gofu na hoteli anayeuza mlima wa taifa hapungukiwi kitu akitakiwa kutoa taarifa ya namna hiyo kila mwaka: chakula kiasi gani kimenunuliwa ndani ya wilaya, wakulima wamelipwa baada ya siku ngapi, na maji kiasi gani yametumika kutoka chanzo kipi. Mambo matatu tu, yabandikwe kwenye ofisi ya kata.

Wapo watakaosema kwamba masharti humfukuza mwekezaji. Mwekezaji wa kiwanda cha nguo anaweza kuhama, lakini aliyejenga uwanja wa gofu chini ya Mlima Meru hawezi kuubeba mlima kwenda nao kwingine. Wapo pia watakaosema afadhali eneo lote lingelimwa mahindi. Hao nao wapige hesabu. Shamba kubwa lisilotunzwa halina faida kwa jirani kuliko uwanja unaonunua mayai yake kila asubuhi. Ubora wa mradi hupimwa kwa kile kinachobaki wilayani baada ya mgeni kupanda ndege.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Mgeni anayepiga mpira Usa River hutunzwa vizuri sana: mandhari ya milima miwili, nyasi za kijani kiangazi chote, na kedi anayejua kila mteremko. Sasa ni zamu ya mwenyeji kutunzwa naye. Mkulima aandae mzani na daftari, mfanyabiashara aandae mtaji wa wiki nne, na diwani aulize kwenye kikao kijacho cha baraza nyanya zinazoliwa pale juu zimetoka shamba la nani.